Sebule Tunampambia Nani?

Mwezi uliopita tulikuwa jikoni, nami niliahidi kwamba safari hii tutahamia sebuleni na kutoka hadi kibarazani. Kabla hatujafika kwenye rangi na mapazia, niruhusu nieleze habari moja ya nyumbani kwangu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nibadili mambo mengi niliyokuwa nikiwashauri wenzangu hapo zamani.

Tulipohamia nyumba yetu hapa Morogoro nilikuwa na hamu ya sebule kama ya watu. Zamu yangu ya mchezo ilipofika, nilinunua seti ya makochi makubwa ya rangi ya damu ya mzee: moja la watu watatu, moja la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, pamoja na meza ya kioo ya katikati. Nikafuma vitambaa vyeupe kwa kroshia, kimoja kwa kila mgongo wa kochi na kimoja kwa kila mkono. Mlango wa sebule ukawa na ufunguo, na ufunguo ukawa kwangu. Watoto walikula jikoni na kuandika kazi zao za shule juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wageni wakija, nilifungua.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu miaka sita mfululizo, kila mwaka baada ya masika, kutibiwa miguu. Hakuwahi kukaa kwenye makochi yale. Nikimkaribisha ndani alisema, "Niache hapa mwanangu, panapepea," akatandika mkeka wake kibarazani, akasuka ukili mpaka jua likazama. Mume wangu akitoka kazini alimkuta pale, akavua viatu, akakaa naye chini. Watoto nao wakawazunguka. Mimi nilikuwa ndani na vitambaa vyangu, nikidhani ni mazoea ya kijijini tu. Kila aliporudi kwao aliniachia mkeka mmoja mpya wa ukindu, wa rangi, ulioshonwa vizuri. Nilishukuru, nikaukunja, nikauweka stoo nyuma ya mifuko ya saruji, kwa kuwa haukuendana na damu ya mzee.

Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2017, akiwa nyumbani kwetu. Mnajua misiba yetu ilivyo. Hata turubai halijafika, vijana waliingia sebuleni, wakayatoa makochi yote pamoja na meza ya kioo, wakayapanga nje chini ya mwembe. Mama mmoja wa kanisani akaniuliza, "Mikeka iko wapi?" Nikaenda stoo, nikatoa mikeka sita ambayo haijawahi kukanyagwa. Tulikaa juu yake siku tatu, na usiku tukalala hapo hapo, mawifi, akina mama wadogo na watoto wote. Usiku wa pili mvua ilinyesha juu ya makochi wala hakuna aliyeyakumbuka. Siku tulipoanua matanga, binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 11, alisimama katikati ya chumba kitupu akasema, "Mama, kumbe sebule yetu ni kubwa hivi!" Kisha akaniuliza kama ni lazima makochi yarudi.

Yalirudi mawili tu. Mengine sponji yake ilikuwa imenyonya maji na kuanza kunuka, tukawapa mafundi waliotaka mbao zake.

Sisemi kwamba makochi ni dhambi, wala sitaki mtu aamke kesho atupe yake nje. Ninachosema ni kwamba kabla hujashika kipimo au kwenda dukani, kaa chini ujiulize ni nani hasa anatumia chumba hiki, saa ngapi, na kwa kazi gani. Sisi wanawake wengi tunapamba kwa ajili ya mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka, ilhali aliye na haki ya kwanza ni yule anayerudi kila jioni.

Katika Biblia yuko mama mmoja ambaye mimi humwita mpambaji wa kwanza. Ni yule mwanamke wa Shunemu, 2 Wafalme sura ya 4. Alitaka kumwandalia Elisha chumba, na mambo aliyoweka humo yanahesabika: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa, basi. Alikuwa mtu wa uwezo, angeweza kuweka mengi. Lakini alimtazama yule atakayekaa humo, akaona kwamba ni mtu wa safari, atahitaji kulala, kuandika, kuketi na kuona usiku. Angalia pia kwamba alizungumza na mumewe kwanza. Mama, usimshtukize mzee wa nyumba kwa ukuta wa zambarau.

Tuanze basi. Kazi ya kwanza haina gharama: toa vitu. Chagua Jumamosi ambayo watoto wako nyumbani, mtoe kila kitu sebuleni kama vile kuna msiba, Mungu apishe mbali, mfagie, mpige deki, kisha mkae chini humo nusu saa. Utaona mwanga unaingilia wapi, upepo unapita wapi, na ni ukuta gani una unyevu uliofichwa na kabati. Halafu rudisha kitu kimoja kimoja, na kila kimoja kijibu swali: kinatumika? Stuli nne zilizopangwa mfano wa ngazi, kila moja na kitambaa chake, ya nne inafanya nini? Maua ya plastiki yaliyojaa vumbi tangu harusi ya wifi, je? Mimi nilibaki na stuli mbili, na nyingine moja ikawa meza ya binti yangu ya kuandikia.

Unapopanga viti, usivibandike vyote ukutani kama chumba cha kusubiria daktari. Visogeze vielekeane ili watu waweze kuzungumza bila kupaza sauti. Acha njia ya kupita yenye upana wa kama sentimita 70, na kati ya kochi na meza ya katikati acha sentimita 40 au 45, mtu aweze kufikia kikombe bila kugonga goti. Meza ya kioo mimi sikuirudisha. Nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea haina haja ya kona za kioo zilizo sawa na paji lake la uso. Na hizi televisheni bapa za siku hizi ni nyepesi, mtoto akivuta waya au akipanda droo za kabati zinamwangukia pamoja na kabati lenyewe. Mwite fundi aifunge ukutani, na kabati refu nalo alishike kwa kipande cha chuma na skrubu. Ni kazi ya saa moja.

Kuhusu kununua makochi mapya nina neno moja. Akina mama wengi tunakopa kikoba ili tununue makochi. Mkopo wa kikoba una tarehe yake na riba yake, nalo kochi halizai. Kama fremu ya kochi lako la zamani ni ya mninga au mkongo, na haijaliwa na wadudu, itaishi kuliko hilo jipya unalolitamani. Mpelekee fundi abadilishe sponji na kitambaa, na umwambie waziwazi kwamba unataka foronya za kuvuliwa, zenye zipu, ili ziweze kufuliwa. Usiyafunike kwa nailoni. Katika joto letu hili mgeni aliyekaa juu ya nailoni akinyanyuka anaacha ngozi yake pale. Vile vitambaa vya kufuma navyo sivichukii, ni kazi ya mikono yetu na vinapendeza mezani. Ila kwenye mkono wa kochi vinahitaji mtu wa kuvinyoosha kutwa nzima, na mtu huyo ni wewe.

Mito midogo ndiyo rangi ya bei nafuu kuliko zote. Upande mmoja wa kanga una urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110, kwa hiyo doti moja itakupa foronya sita za sentimita 45, mbele na nyuma, na mabaki ya pindo. Lakini soma jina kwanza! Rafiki yangu mmoja alishona mito sita mizuri, mji wa bluu na maua meupe, wala hakuyatazama maneno. Wifi yake alipokuja kumsalimia akakaa, akausoma mto uliokuwa pembeni yake, akaona kijembe ni chake. Hawakusalimiana mpaka Krismasi.

Sasa rangi. Kwanza ukuta uwe mkavu. Plasta mpya iache ikauke kama wiki nne kabla ya kuipaka. Ukuta wenye unyevu usiupake rangi ya mafuta ukidhani unaufunika: maji yakikosa pa kutokea yanaisukuma rangi, nayo inavimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, kama ni bati linalovuja au ni udongo uliorundikwa nje juu ya msingi. Kwa kuta za namna hiyo chokaa ya wazee bado ni nzuri sana, kwa sababu inaruhusu ukuta kupumua. Nunua iliyokwisha kuzimwa, iloweke usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, na ipakwe nyembamba mara mbili au tatu. Wengi hutia chumvi kidogo ili ishike. Watoto wakae mbali, maana chokaa inaunguza macho.

Fundi akikwambia ununue ndoo ya lita 20, pima mwenyewe kabla hujafungua pochi. Tuseme sebule ni mita 4 kwa 5 na kuta zina kimo cha mita 2.7. Mzunguko ni mita 18. Zidisha kwa 2.7 upate kama mita za mraba 48. Ondoa mlango na madirisha, kama mita 6, zinabaki 42. Lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, nawe unataka mikono miwili, yaani mita 84. Basi unahitaji lita 8 na kidogo: makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1. Ile ndoo ya lita 20 ingepaka sebule yako na ya fundi pia.

Rangi gani? Chumba chenye dirisha dogo au chenye mti mkubwa nje kinataka rangi nyepesi, kama maziwa, krimu au njano iliyopauka, na dari jeupe. Ukipenda rangi nzito, ipake ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na mlango. Chini, kwa kimo cha mita moja hivi, paka rangi inayofutika, maana huko ndiko mikono ya watoto inakopita. Na kama nyumba ni ya zamani na rangi ya mafuta imeanza kumomonyoka, usiikwangue ikiwa kavu. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa za njano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto mdogo anayetia vidole kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Lowesha kwanza, kwangua taratibu, kusanya mabaki kwa tambara bichi, na watoto wakalale kwa shangazi siku hiyo. Unaponunua rangi mpya, uliza iliyoandikwa kwamba haina risasi.

Mapazia nitayapitia haraka. Dirisha la mita moja na nusu linataka fimbo ya mita 1.8, ili pazia likifunguliwa likae juu ya ukuta na lisizibe mwanga. Vipande viwili vya kitambaa chenye upana wa mita 1.5 vinatosha kwa mikunjo mizuri. Kimo kikiwa mita 2.2, ongeza sentimita 20 za upindo wa juu na chini. Nunua mita 5 na hutapungukiwa. Zile tabaka tatu zenye vishada vya dhahabu waachie wenye kumbi za harusi.

Picha za ukutani, jamani, tuzishushe. Sijui ni nani alitufundisha kuning'iniza picha ya harusi karibu na dari, imeinama mbele kama inayotaka kuanguka. Katikati ya picha pawe kimo cha macho, kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Hapo hata mtoto akibebwa ataweza kumwona babu yake.

Taa pia. Balbu moja nyeupe kali katikati ya dari humchosha kila mtu. Balbu za siku hizi za LED hazili umeme; ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Chagua yenye mwanga wa manjano kwa sebule, na weka taa nyingine kwenye kona anaposomea mtoto. Dari za jipsamu zenye taa za kijani na zambarau zinazozunguka sizisemi vibaya, ila mtoto wa darasa la sita hawezi kusoma hesabu chini ya taa ya zambarau.

Sakafu. Wenye vigae wanajua raha yake na shida yake: vikilowa vinateleza. Mwenye sakafu nyekundu ya saruji asione aibu. Isugue, iache ikauke kabisa, paka polishi nyembamba, ngoja kidogo, kisha isugue kwa kipande cha blanketi kuukuu mpaka ing'ae. Pale anapopita bibi au mjamzito usipake polishi nyingi. Juu yake tandika mkeka. Mkeka wa ukindu ukung'utwe kila siku, ufutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukaushwe kivulini. Jua kali hupausha rangi na kuufanya ukindu ukatike. Chini ya miguu ya stuli weka vipande vya mpira ili visiukate.

Haya, tutoke nje.

Kibaraza ndicho chumba tunachokidharau, na kwa kweli kwa nchi yetu ndicho chumba kizuri kuliko vyote. Wenzetu wa Lamu na Unguja walijua zamani, wakajenga mabaraza ya mawe kabisa mbele ya nyumba zao, watu wakae, wanywe kahawa, wasalimiane na wapita njia. Na wewe unaweza. Benchi la tofali na saruji lenye kimo cha sentimita 45, kina cha sentimita 50 na urefu wa mita 2 linamtosha mtu kulala mchana. Mwambie fundi alipe mwinamo kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasikae. Halihamishwi, haliibiwi, na mchwa hawalili.

Ukitaka benchi la mbao, uliza mbao ni za nini. Mtiki, kama ule unaopandwa Mtibwa na Longuza kule Muheza, una mafuta yake wenyewe na unavumilia mvua na jua. Paini za Sao Hill ni rahisi na nyepesi kwa fundi, lakini zikikaa nje bila dawa huoza na kuliwa mapema. Kwa vyovyote usiiache miguu ya benchi ikanyage udongo mtupu. Iweke juu ya tofali au jiwe bapa, na utazame kila mwezi kama kuna njia ya mchwa.

Kama kibaraza chako kinatazama magharibi, saa tisa hakikaliki. Pazia la ndani halisaidii sana, kwa kuwa joto limekwisha kupita kioo. Kivuli kinatakiwa nje. Simamisha nguzo mbili, funga waya, panda mpasheni chini yake. Katika mwaka mmoja unaweza kuwa na kivuli, na juisi juu yake. Bogenvilia nayo inapendeza lakini ina miiba, iweke mbali na njia ya watoto.

Kama kibaraza kimeinuka zaidi ya ngazi mbili tatu, jenga ukuta mfupi au kizuizi pembeni. Hili si wazo langu. Liko katika Kumbukumbu la Torati 22, ambako mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari yake ili mtu asianguke, damu ikawa juu ya nyumba yake. Mungu mwenyewe ameona vyema kuzungumzia ukingo. Basi nasi tusiupuuze kwa sababu unazuia picha nzuri ya maua.

Maua hayahitaji vyungu vya bei. Sufuria iliyotoboka, ndoo kuukuu, kopo la rangi lililooshwa, vyote vinafaa, mradi utoboe matundu chini na kuweka vikokoto kabla ya udongo na mboji. Pembe ya kibaraza yenye kivuli weka yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Wazungu huyapanda madirishani kote Ulaya na Marekani, na asili yake ni milima yetu ya Usambara na jirani zake. Mwaka 1893 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Wendland, aliyapa jina Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani wa Tanga aliyeyapeleka kwao. Nunua kwa wauza miche, usiyang'oe porini kwa kuwa yamebaki machache. Yanywesheni kwa chini, kwenye udongo. Majani yake hayapendi maji.

Na sasa yale ya hatari, ambayo naomba usiyaruke. Minyaa inafanya uzio mzuri na haifi kwa ukame, lakini maziwa yake yakiingia jichoni yanaunguza vibaya na yanaweza kumpofusha mtu kwa muda. Nyumba yenye watoto wanaocheza uani, panda uzio mwingine. Ule mti wa maua ya waridi wenye majani marefu membamba, uitwao oleanda, una sumu kuanzia mzizi hadi ua. Na lile ua la chungu lenye majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, linalopendwa sana maofisini, mtoto akilitafuna ulimi na koo huvimba. Mimi nililikuta kwangu, nikampa mwenzangu ambaye watoto wake wameshaoa.

Visahani vya chini ya vyungu, matairi ya maua na makopo yaliyosahaulika nyuma ya nyumba yanazaa mbu wa dengi, wale wanaouma mchana. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka homa hiyo ya mwaka 2014 na ile ya 2019. Tangu yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi, kwa hiyo kila Jumamosi mwaga maji yote, na usiishie kumwaga, sugua kuta za chombo kwa burashi, kwa sababu mayai hunata pale na huweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja mvua.

Wasomaji waliowahi kufika kwetu wameniuliza tumefanya nini pale kibarazani. Ni benchi la saruji tu, mahali pale pale alipokuwa akitandika mkeka wake. Tulilijenga mwaka 2018. Mume wangu hukaa hapo akirudi, na kama taa ya nje inawaka watoto huwa hapo hadi saa tatu. Mikeka mitano iko sebuleni. Ule wa sita umeanza kufumuka pembeni, na mimi sijui kushona ukili. Nimempata mama mmoja sokoni anayejua; amesema ataanza kumfundisha binti yangu akija likizo, ila ukindu tuutafute wenyewe na rangi atatuonyesha.

Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutaingia chumba cha watoto. Pima kitanda chako cha deka kabla ya hapo, kuanzia godoro la juu hadi dari.